Neno la Baba Katika Nchi ya Wajomba

Anselmi mwanangu,

Kama unaisoma barua hii ukiwa ndani ya gari moshi, basi jibu langu unalo tayari. Mimi ninayeiandika bado sina. Nimekaa kwenye chumba cha kufundishia katekisimu, watoto nimewaruhusu mapema, wameshangilia kama kawaida yao, na ukungu ndio kwanza unaanza kushuka kutoka kileleni. Kesho asubuhi, kabla wapagazi hawajabeba mizigo kushuka Mkuyuni, Padri Mrefu atasimama mbele ya kanisa aniulize, watu wote wakisikia: je, unakubali mwanao aende pwani akawe mkalimani wa Baba Askofu? Nikisema ndiyo, utakwenda. Nikisema hapana, utabaki. Hivyo tu. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, nimeshika kalamu na sijui nitasema nini.

Mambo ya nguo, ya dawa ya tumbo, ya kujihadhari na homa ya pwani, mama yako ameshakuambia, na nimemsikia akikuambia tena na tena mpaka ukaanza kumjibu kabla hajamaliza. Sitayarudia. Nataka nikueleze habari ya kazi yenyewe unayoitiwa, kwa sababu niliifanya kabla yako, nikaivuruga. Hilo si siri. Wanawake wa huku bado wanalicheka wakiwa kwenye kinu, na watani zangu hawaniachii hata msibani. Lakini wewe umelisikia kwa midomo ya watani, nao hutia chumvi. Leo lisikie kwangu.

Inabidi nianze na siku uliyozaliwa. Mimi nilikuwa nje, nimeshika kuni ambazo hakuna aliyeziomba. Mtoto alipolia nikapiga hatua mlangoni, bibi yako akanizuia kwa kiwiko. Aliyeitwa kwanza ni Mjomba Kobelo, kaka wa mama yako. Akakupokea, akakutazama masikio, akasema, "Huyu wetu." Basi. Ndivyo ilivyo milimani kwetu, mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Haya unayajua tangu ukiwa mgongoni. Nayaandika kwa sababu pwani hawayajui, na siku moja utayaeleza mbele ya watu ambao hawataki kuelezwa.

Nililelewa hivyo na mimi, sikuona ajabu. Lakini nilipokushika mwenyewe, lo! Kilinipata kitu ambacho mila haikuniandalia. Ulipougua surua, nilikubeba mimi, nikakukanda mimi, lakini ilipofika kuamua upelekwe kwa mganga au kwa masista, tulimngoja Kobelo apande kutoka shambani kwake. Nilikuwa nimekushika hapa, kifuani, unachemka, nami nangoja mwanamume mwingine aje aseme. Hakukawia, wala hakuwa mtu mbaya. Ila nilitamani, mwanangu, mara moja tu katika maisha haya, mtu aje aniulize mimi.

Sasa uelewe nilivyofurahi Padri Mrefu alipofika na mafundisho yake. Alisema Mungu ni Baba. Alisema baba ndiye kichwa cha nyumba, amepewa watoto awaongoze, atadaiwa habari zao mbinguni. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikaa wima. Nilijifunza katekisimu yote kwa muda ambao wengine walikuwa bado wanahangaika na ishara ya msalaba, na kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi ya upagazi nikajua Kiswahili sawasawa, Padri akanifanya mkalimani wake.

Huyo Padri nawe unamjua, lakini hukumwona alipokuwa kijana. Alikuwa Mfaransa katika nchi inayotawaliwa na Wadachi, hawa Wajerumani, na huko kwao Ulaya mataifa hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Pale Boma la Morogoro walimwangalia kama mtu aliyeingia na matope nyumbani kwao. Nilimuuliza siku moja kama haogopi. Akanijibu kwamba Kanisa halina taifa, na yeye hapa si mtu wa mfalme yeyote. Akasema Papa kule Roma hana jeshi la kumvamia mtu, lakini wafalme wenye mizinga humtumia wajumbe, wamuombe awapatanishe. Nilikwenda nikamsimulia Mjomba Kobelo nikidhani atastaajabu. Akasema, "Sasa ajabu iko wapi? Na sisi wazee wetu hawana mikuki, na watu wanapanda mlima kuwaomba mvua."

Ukaja mwaka wa vita vya maji. Vita vyenyewe vilikuwa huko chini kusini, lakini moshi wake ulitufikia, na Boma likaanza kuitazama milima yetu kwa jicho baya. Zikaja habari kwamba askari watapanda wachome vijiji kabla sisi hatujafanya lolote. Padri Mrefu akashuka Morogoro akasema na Bwana Mkubwa wa Boma, akarudi na mapatano. Alisema, heri wapatanishi, hiyo ndiyo kazi yetu, tusingoje damu imwagike ndipo tuje kuzika. Mapatano yalikuwa haya: kila nyumba ilete mtoto mmoja akae shule ya misheni mpaka vita viishe. Watoto wakishakuwa chini ya kanisa, Boma litaamini kwamba wazazi hawana nia ya kupigana, na askari hawatapanda.

Padri akataka kuwaita wenye watoto. Akaniuliza, "Nani mwenye neno juu ya mtoto hapa?"

Nilijua jibu. Mluguru gani asiyelijua? Lakini Padri mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ni baba, na mimi nililipenda fundisho lile kupita kiasi. Nikamjibu, "Ni baba, Padri."

Tukawaita akina baba wa vijiji vyote vya upande huu. Jamani, ungewaona! Hakuna aliyepata kuwaita kwa jambo kama hilo. Walikuja wamenyoa ndevu. Padri alipowauliza mmoja mmoja, je, unakubali, kila mmoja alisimama akajibu ndiyo kwa sauti ambayo mkewe hajawahi kuisikia. Mmoja alileta jogoo. Padri aliona machozi machoni pa watu wazima akadhani ni neema. Nami nilidhani hivyo hivyo, maana na mimi nilisimama, nikasema wewe, Anselmi wangu, nitakuleta.

Jumapili iliyopangwa kengele ikagongwa. Hakuja hata mtoto mmoja. Baadaye akatokea baba mmoja peke yake, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo na kusema, "Padri, shemeji amekataa." Wa pili akaja na lake, shemeji amekataa. Wengine hawakuja kabisa, walijificha mashambani kwa aibu. Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale pembeni ya Padri, mikono mitupu, kwa sababu jana yake Kobelo alikuwa amekuja nyumbani akakuchukua, akaniuliza swali moja tu: "Nani alikutuma kugawa watoto wetu?"

Padri alinigeukia. Hakunifokea. Aliuliza taratibu, "Shemeji ndiye nani?" Ndipo nikamweleza, mbele ya altare, habari niliyopaswa kumweleza kabla ya yote.

Mwanangu, mpaka leo watu hucheka akina baba wale na jogoo wao. Mimi siwezi kucheka. Tulikuwa wanaume wa mlima mzima tulioulizwa kitu kwa mara ya kwanza, na tukajibu kwa furaha bila kuwa na haki ya kujibu.

Akida aliyewekwa na Boma huku kwetu, Mwislamu wa pwani, mtu wa maneno machache, akatuma ujumbe kutoka Bomani: Bwana Mkubwa amekasirika, anasema Mfaransa amemlaghai, milima inajiandaa kwa vita, askari wanapanda. Padri akachukua fimbo yake tukashuka.

Nilitafsiri kidogo sana siku ile, kwa kuwa wale wawili walisemezana kwa lugha ya Ulaya, lakini baadaye Padri alinieleza kila neno. Bwana Mkubwa alisema, "Umenidanganya." Padri akajibu, "Nimekosea. Nilimuuliza mtu asiye na neno. Nipe nafasi nimuulize mwenye nalo, na mimi nitakaa hapa barazani mpaka watoto waje. Wasipokuja, nifunge." Yule akasema, "Nikifunga padri wa Kifaransa, maneno yatafika mpaka Ulaya kwa wakubwa wangu." Padri akamjibu, "Najua. Ndiyo maana ninakaa."

Akakaa kweli, juani, na rozari yake. Nilimwona akida anakuja, nikafikiri sasa amekuja kumcheka kafiri. Alikuwa amebeba mkeka kwapani. Akautandika kivulini, akamwambia askari wa zamu, "Huyu ni mtu wa sala. Hakai juani." Akaondoka zake. Nakwambia hili kwa sababu huko pwani utasikia watu wa dini moja wakisema vibaya juu ya dini nyingine, na mimi nataka ukumbuke ule mkeka.

Nilimuuliza Padri nipeleke neno gani kwa Kobelo. Akasema, "Sina neno. Nililokuwa nalo lilikuwa na kosa. Nenda wewe."

Nilipanda mlima nikijisikia vibaya kupita nilivyowahi kujisikia. Maisha yangu yote nilibeba maneno ya watu wengine, na sasa sikuwa na mzigo. Nilimkuta Kobelo kwenye matuta ya maharage, akaendelea kulima.

"Umekuja na neno la nani leo, shemeji?"

"La kwangu."

"Hee! Na wewe unalo?"

Nikakaa kwenye udongo. Sikuanza na Boma wala askari. Sijui kwa nini, nilianza kumwambia habari za Yosefu. Nikasema, shemeji, kwenye dini hii kuna mtu mmoja ambaye alipewa mtoto asiyekuwa wake. Mtoto alikuwa wa mama. Huyu mtu hakuulizwa kitu, aliambiwa tu. Akamlea, akamfunza kazi ya mikono, akakimbia naye mpaka nchi ya mbali mfalme alipotaka kumuua, na mwisho hatusikii tena habari zake. Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Nikamwambia, mimi ndiye huyo. Mtoto ni wenu, sibishi. Lakini mfalme anapanda na moto, na nataka kumficha mahali. Nisaidie kumficha.

Kobelo akaacha kulima. Akaanza kucheka, mtu mzima yule, mpaka akajishika kwenye mpini wa jembe. "Kumbe huyo Yosefu wenu alikuwa Mluguru!"

Nikacheka na mimi, huku nalia.

"Na mjomba wa mtoto alikuwa nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu kikubwa vile, na hakisemi?" Akatikisa kichwa. "Sasa ungeanzia hapa, shemeji. Ungekuja ukakaa kwenye udongo hivi hivi, mambo yangekuwa yamekwisha."

Alikwenda mwenyewe kwa wajomba wenzake, kijiji kwa kijiji. Walitaka mambo mawili tu: watoto warudi makwao wakati wa kulima, na Padri akiachiwa aje mwenyewe awaombe, akae chini. Yote yalifanyika. Wewe ulitangulia mbele ya wenzako wote, ulivaa kaniki mpya, umeshikwa mkono na mjomba wako. Mimi nilikuja nyuma. Nilikuwa nakutazama kisogo chako njia nzima kushuka, na nilikuwa na furaha, na nilikuwa na wivu. Askari hawakupanda. Hakuna nyumba iliyochomwa upande wetu.

Basi, kazi unayoitiwa ni ile ile, ila kwa watu wakubwa zaidi. Askofu yuko upande mmoja, Serikali ya Wadachi upande mwingine, na katikati utasimama wewe, kijana wa Uluguru mwenye lugha nne kinywani. Utaona jinsi wanavyoogopana. Utaona pia ugonjwa wa wakubwa wa kila dini na kila bendera, ugonjwa wa kuwajibia watu wasiokuwepo. Wataketi mezani waseme, Waluguru wanataka hivi, Waislamu wa pwani watakubali vile, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda kuuliza. Padri Mrefu alipona ugonjwa huo barazani kwa Wadachi. Wengine hawakupata baraza kama lile.

Na mafundisho yetu, usiyaonee haya wala usiyafanye rungu. Nimeona neno moja la dini likikaribia kuleta maafa lilipotumika kumpita mwenye haki, na neno jingine la dini ile ile likiokoa mlima lilipokaa chini kwenye udongo. Ukijiona unalipenda sana neno fulani unalolitafsiri, jichunguze. Mimi nililipenda lile la baba kuwa kichwa kwa sababu lilinipendelea mimi.

Naam, nilitaka kuandika kurasa mbili, hizi zimekuwa ngapi sijui. Nakusikia hapo nje unamcheka mama yako kwa vile amefunga mihogo ya kulisha kikosi. Upo, sauti yako inaingia dirishani, na mimi nimeshaanza kukukumbuka. Nani atanibishia jioni? Nani atanisahihisha Kijerumani changu mbele ya watoto, bila adabu, halafu aseme "samahani baba" huku anacheka?

Sasa nikwambie kwa nini neno la kesho limekuja kwangu. Barua ya Askofu ilipofika, Padri alinijia mimi kwanza, akaniuliza kwa lile swali lake la siku zote: nani mwenye neno? Ningeweza kusema ni mimi. Safari hii angeniamini, kwa kuwa amezeeka na anataka sana uende. Nikamwambia, "Nenda kwa Kobelo." Nilionekana mtu wa haki. Ukweli ni kwamba nilitumaini Kobelo atakataa. Nilijua hapendi pwani. Nilisali akatae, Mungu anisamehe, nilisali kwa rozari nzima.

Leo mchana amekuja. Hukumwona, ulikuwa mtoni. Anatembea kwa taabu sasa. Alikaa kwenye benchi la watoto akavuta pumzi, kisha akasema, "Padri alikuja. Alikaa chini vizuri. Nimemwambia arudi kwako."

"Kwangu? Kwa nini?"

"Damu ya mtoto ni yetu, na itabaki yetu hata akienda kuishi kwa huyo Papa wenu. Lakini huko hawaitaki damu. Wanautaka mdomo. Mdomo ule nani kaufunza? Nani alimkalisha kwenye mkeka amsikilize anavyogeuza maneno ya watu?"

Nikaanza kupanga vibao vya watoto.

"Basi sema wewe. Nimeshawaambia wajomba wote, hakuna atakayekupinga."

"Shemeji, unanitesa."

"Ehe. Ndivyo inavyokuwa ukiulizwa. Ulidhani ni asali?"

Akainuka, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaondoka. Tangu hapo nimekaa hapa. Nimejaribu kuandika hapana. Nimetafuta sababu: mama yako, magoti yangu, homa ya pwani, Wadachi. Zote ni kweli na hakuna hata moja ambayo ningethubutu kuitamka mbele ya mtu kama Kobelo, aliyekuwa na haki ya kukuzuia akaniachia mimi kwa heshima. Nikisema hapana, nitakuwa nimeulizwa kwa haki mara moja katika maisha yangu, nikajibu tena kwa ajili ya nafsi yangu.

Kwa hiyo kesho, Padri atakaponiuliza, nitasema, "Aende." Nitalisema kwa nguvu ili watu wa nyuma wasikie, na usidhani sauti ile ni ya furaha. Nilitamani haki ya kukusemea tangu siku ile niliyosimama nje na kuni zangu, nikidhani siku nitakayoipata nitaitumia kukushika. Nimeipata, mwanangu, na naitumia kukuachia.

Mimi baba yako, niliyeulizwa.